Je, wajua kwa nini mawazo hutoroka mara tu unapofumba macho kuomba?

Jumatano jioni, sala ya jumuiya, sebuleni kwa jirani. Makochi yamesogezwa ukutani, mkeka umetandikwa katikati, watoto wamefukuziwa uani. Mzee wa jumuiya anaanzisha "Baba yetu uliye mbinguni" na sisi tunafuata. Kabla hatujafika kwenye mkate wetu wa kila siku, mimi nilishaondoka. Nilikuwa nimesimama mbele ya mita ya luku nyumbani kwangu, nikihesabu yuniti zilizobaki. Kwenye friji kuna samaki kilo tatu. Usiku huu zitatosha? Nikinunua za elfu tano nitafika Ijumaa? Niliporudi, wenzangu walikuwa kwenye "Amina", nami nikaitikia kwa sauti kuliko wote, kama mwanafunzi aliyeshtuliwa usingizini.

Kama hili halijawahi kukupata, mshukuru Mungu na uendelee na shughuli zako. Sisi wengine tuulizane: inakuwaje mtu anaangalia mpira dakika tisini bila kupepesa, halafu akifumba macho aombe dakika tano tu, mawazo yanatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe?

Jibu la haraka tunalijua: ni shetani. Niliwahi kupewa jibu hilo kwenye mkesha mmoja. Mtumishi aliniambia nina roho ya kutangatanga na nifunge siku tatu. Nikafunga. Siku ya tatu niliomba huku nawaza chapati. Sikatai kwamba adui yupo, wala simbezi aliyenishauri, ila nilitoka pale na mizigo miwili badala ya mmoja: mawazo yaleyale, na juu yake aibu.

Tuanze na kichwa chenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Ukikaa bila kazi, ulaji huo haushuki sana. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo ambazo huchangamka zaidi pale mtu anapoacha kazi ya nje na kutulia. Ni sehemu zilezile tunazozitumia kukumbuka ya jana, kupanga ya kesho na kuwafikiria watu: nani alisema nini, nani ananidai, kwa nini dada hajapiga simu.

Sasa fikiria kuomba kulivyo. Umetafuta kimya, umefumba macho, umeacha kazi za mikono, na unazungumza na Mungu ambaye humwoni na hakujibu kwa sauti ya kusikika masikioni. Mpira unakushika macho na masikio kila sekunde. Sala ya kimya haikushiki popote, wewe ndiye unayepaswa kuishika. Umeifungulia geti mashine ya kupanga na kukumbuka, halafu unashangaa imeingia.

Wala si wakati wa kuomba tu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 2,250, ambao simu zao ziliwashtukiza wakiwa katika shughuli zao na kuwauliza wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya majibu yalionyesha mtu anawaza jambo tofauti na lile analolifanya. Karibu nusu! Tofauti ni kwamba ukiosha vyombo huku unawaza mengine, hakuna anayekuita mwenye dhambi.

Na kupigana nayo ana kwa ana hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba watu wasimuwaze dubu mweupe, na kila atakapowajia wapige kengele. Kengele zililia. Ili ujue kama humuwazi dubu, inabidi sehemu fulani ya akili iendelee kuchungulia kama dubu yupo. Anayeomba huku anajikaripia "usiwaze luku, usiwaze luku" anaomba sala yenye luku nyingi kuliko maneno ya Mungu.

Wazee wa imani walilijua hili zamani sana, na hawakulifichaficha kama sisi. Mmoja wao ni Evagrius, mmonaki aliyezaliwa Ponto, eneo ambalo leo liko Uturuki, akafia jangwani Misri mwaka 399. Ameandika jinsi mmonaki anavyochoshwa na sala akiwa peke yake kwenye kijumba chake. Balaa linaanza saa nne asubuhi na kumzingira hadi saa nane. (Hesabu yao ya saa ilikuwa kama yetu ya Kiswahili, ikianza jua linapochomoza.) Jua linaonekana kama limekwama, siku inakuwa kama ina saa hamsini. Anachungulia dirishani. Anatoka nje kuliangalia jua, limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, muda wa kula. Anageuka huku na huku kuona kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Hapo hakuna simu, hakuna luku, hakuna makundi ya WhatsApp. Kuna mchanga, jua na mtu mmoja anayesubiri chakula.

Katika jangwa hilohilo alipita kijana aitwaye Yohane Kasiano, akiwauliza wazee maswali. Mzee mmoja, Abba Musa, alimpa mfano ninaoupenda kuliko yote. Alisema akili ni kama kinu kinachozungushwa na maji. Maadamu maji yanapita, kinu hakisimami. Mwenye kinu hana uwezo wa kukizuia kisizunguke, ila ana uwezo wa kuchagua atie nini: ngano, shayiri au magugu. Atakachotia ndicho kitakachosagwa.

Ndiyo maana wazee wale hawakushauri watu "watoe mawazo kichwani". Walishauri utie kitu. Abba mwingine, Isaka, alimpa Kasiano mstari mmoja tu wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Useme ukiwa na njaa, useme ukisinzia, useme mawazo yakikutoroka. Wakatoliki wanaosali Masifu huanza na mstari huohuo hadi leo. Naye Agostino, askofu wa Hippo, pale Afrika Kaskazini, akimwandikia mjane aitwaye Proba mnamo mwaka 412, alisimulia kwamba ndugu wa Misri wanaomba mara nyingi, lakini sala zao ni fupi sana, kama mishale inayorushwa haraka. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa: ukirefusha mno, ule umakini uliokuwa mkali unakuwa butu.

Hapa makanisa yetu yana la kujifunza. Tumezoea kupima maombi kwa saa. Aliyeomba saa tatu ni shujaa, aliyeomba dakika nne anajificha. Yesu mwenyewe aliposema "msipayuke-payuke" hakuwa anakataza sauti kubwa. Alitaja sababu palepale, kwamba watu wa mataifa hudhani watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi. Sauti yenyewe inasaidia. Ukiomba kwa sauti, ulimi una kazi na masikio yana kazi, kinu kimetiwa ngano. Tatizo la kuomba kwa sauti ni majirani.

Na mahali pia. "Ingia katika chumba chako cha ndani," inasema Mathayo 6:6, na mtu wa chumba na sebule mwenye watoto wanne anacheka kwa uchungu. Lakini neno la Kigiriki lililotumika pale, tameion, ndilo hilohilo ambalo Luka 12:24 analitumia anaposema kunguru hawana ghala. Kwa maneno mengine, ni stoo. Mahali pa kuwekea magunia, penye mlango wa kufunga. Hakuna aliyeambiwa ajenge chumba cha maombi chenye kapeti. Namfahamu mama mmoja anayeombea kwenye banda la kuku, saa kumi na moja alfajiri, kabla hajawafungulia. Anasema hao kuku wakimwona amepiga magoti wananyamaza. Sina ushahidi.

Sisi Walutheri tuna hadithi yetu. Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther pale Wittenberg, Ujerumani, aitwaye Peter, alimwomba amfundishe kuomba. Luther hakumjibu kwa juu juu. Alimwandikia kijitabu kizima, na akaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe hupoa na kukosa hamu ya kuomba kwa sababu ya shughuli na mawazo mengine. Halafu akamgeuzia mfano wa kazi yake: kinyozi mzuri anakaza macho kwenye wembe na nywele, anajua amefikia wapi. Akipiga soga na kuangalia pembeni, atamkata mteja mdomo au pua, pengine hata koo. Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi anayeangalia mpira kwenye televisheni anaelewa Luther alikuwa anazungumzia nini.

Dawa yake ilikuwa ileile ya kinu. Chukua Zaburi, chukua Amri Kumi, chukua Sala ya Bwana, shika sehemu moja. Ujiulize inakufundisha nini, inakupa nini cha kushukuru, inakufanya uungame nini, halafu uombe nini. Ukishikwa na neno moja, baki hapo, hayo mengine yaache. Hakusema lazima ufike mwisho. (Masikini Peter mwenyewe, mwaka huohuo, akiwa amelewa alimchoma kisu mkwewe akafa. Luther aliingilia kumwombea, na kinyozi akafukuzwa mji badala ya kuuawa. Waombaji wa kwenye vitabu nao walikuwa watu.)

Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania ambaye Kanisa Katoliki limempa cheo cha mwalimu wa Kanisa, aliandika bila haya kwamba kwa miaka kadhaa alipokuwa akisali alihangaika zaidi na kusikiliza saa, itagonga lini amalize, kuliko na sala yenyewe. Na kwa miaka kumi na minane hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa akitoka kupokea komunyo. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, kifungu cha 2729, inasema kuwinda mawazo yanayokusumbua ni kuingia kwenye mtego wao, na kwamba kinachotakiwa ni kurudi moyoni. Inaongeza neno zuri: wazo linalokutoa kwenye sala linakuonyesha moyo wako umefungwa wapi.

Hili ndilo lililonibadilisha mimi. Luku haikuja kwenye sala kwa bahati mbaya. Ilikuja kwa sababu nilikuwa na hofu ya hela, na sikuwa nimemwambia mtu, wala Mungu. Nilikuwa naombea amani ya dunia. Mtume Petro anasema "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote", na hapo nawapigia makofi watafsiri wa Biblia yetu ya 1952, maana kutwika tunakujua. Mzigo uko chini, unauinua, unamweka mtu kichwani. Ndoo ya maji, kuni, gunia. Huwezi kutwika mzigo ambao unajifanya haupo.

Siku hizi nikiomba naweka karatasi na kalamu pembeni. Likija jambo la kufanya, "mpigie fundi", naliandika na kurudi. Kichwa kikijua jambo limeandikwa, kinaacha kugonga mlango. Likija la hofu, naligeuza sala hapohapo, kwa jina lake, bila kulipamba. Simu inabaki chumba kingine, hata kama Biblia yangu iko humo. Nimeirudia ile ya karatasi yenye jalada lililochanika. Na siombi tena saa nne usiku nikiwa kitandani, maana hapo si mawazo tena, ni usingizi. Wanafunzi watatu pale Gethsemane walishindwa kukesha saa moja, na Yesu aliyewakemea ndiye huyohuyo aliyesema roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu.

Kuna jambo moja nisilolichanganya na haya. Mtu akikaa wiki kadhaa hana hamu ya kuomba, wala ya kula, wala ya kuongea na wanawe, halali usiku au analala mchana kutwa, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Mwombeeni, na mumpeleke hospitali. Kumwongezea siku za kufunga mtu ambaye tayari hali chakula ni ukatili.

Luku yangu iliisha usiku uleule wa Jumatano, saa tano na kitu, samaki wakiwa ndani. Wiki iliyofuata, mzee wa jumuiya alipouliza nani ana ombi, kukawa na ule ukimya wetu wa kila wiki, kisha yakafuata ya kawaida: wagonjwa, wasafiri, viongozi wetu. Nikasema, "Mimi naomba mniombee hela ya luku." Wakacheka. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Halafu mzee akaniangalia na kusema, "Ndugu yangu, umetusaidia. Mimi tangu tulipoanza wimbo wa kwanza nawaza ada ya mjukuu." Dada mmoja kwenye kona akanyoosha mkono, akasema yeye ni kodi ya nyumba, mwezi wa pili huu.