Dogo ana kasi, sawa. Anasimamaje?

UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, sisi wa mpira wa kikapu simu inajaa klipu za sekunde ishirini. Dogo wa kidato cha pili, urefu sentimita 163 hivi, anawapita watatu kwenye sementi ya shule fulani ya Arusha au Moshi, anafunga, halafu ujumbe: "Kocha, pointi gadi huyo, cheki kasi!" Yaani mchezeshaji, anayepandisha mpira na kugawa pasi. Jamani. Mfupi asiye na kasi hapangwi hata kwenye mechi za mtaani, kwa hiyo wote mnaowaona uwanjani wana kasi. Hapo hamjanionyesha kitu.

Mimi natafuta breki. Anayekimbia kwa mwendo mmoja hakabwi kwa shida: beki anarudi hatua mbili, anamsubiri. Anayesumbua ni yule anayekuja taratibu, anachomoka, halafu akifika mstari wa mitupo huru anakata ghafla na kiuno kinashuka, beki anapitiliza kama kifodi kilichosahau kushusha abiria. Kwa hiyo acha mpira, tazama miguu. Hesabu hatua tangu alipoamua kusimama hadi aliposimama. Moja au mbili, kaa umtazame. Tatu au nne, huyo ni mwanariadha wa mita 100 aliyepewa mpira. Tazama na magoti: akisimama yamenyooka, kifua kinatangulia, na pasi inayofuata itatoka ovyo.

Tatizo ni viwanja vyetu. Kiangazi vumbi linatanda juu ya sementi, na raba zenyewe soli zimeshalika. Dogo akiteleza, wa kulaumiwa ni miguu au raba? Mwambie afute soli kwa kiganja chenye maji, arudie. Bado sipati jibu kila mara, ndiyo maana siandiki "hana breki" kabla ya kumwona kwenye viwanja viwili.

Mtanitajia Muggsy Bogues, yule pointi gadi mfupi wa Marekani, najua. Sentimita 160, misimu 14 NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko. Sawa, ila huyo alikuwa hapotezi mpira, na kwa mfupi hapo ndipo penye mtihani. Subiri wakimbana wawili kwenye kona, akiwa amevuka tu mstari wa kati: pembeni mstari, nyuma mstari, mbele mikono minne. Amevuka ndani ya sekunde 8 anazoruhusiwa, vizuri, lakini kurudi nyuma ya mstari huo wa kati haruhusiwi tena. Wengi hapo wanaushika mpira kabla hawajaona wa kumpasia, kisha wanaruka wapasie juu ya vichwa. Akiwa hewani hajui ampe nani, mpira unanaswa, wapinzani wanafunga kirahisi. Mjanja havuki na kuganda palepale. Anajiachia nafasi nyuma yake. Akiona wa pili anakuja, anarudi hatua mbili huku anadunda, bega likikinga mpira, halafu pasi inapita chini, ubavuni mwa beki, ikidunda mara moja. Hesabu matukio matano ya namna hiyo. Matatu yakiisha kwa pasi safi, niite nije.

Kufunga sitakawia. Lei-apu, ile ya kukimbia hadi chini ya ringi na kuuweka mpira, mbele ya mabeki wafupi wenzake haisemi kitu. Je, anaweza kuurusha juu kwa mkono mmoja akiwa mita 2 au 3 kutoka ringi, kabla senta, yule mrefu anayelinda ringi, hajamfikia? Au kupita chini ya ringi na kufunga upande wa pili, ringi yenyewe imzuie beki? Kimoja kinatosha kwa kuanzia. Kwenye kukaba, akigongana na skrini, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia, anapenya au ananasa? Asiyepenya atakuwa anakabiwa na wenzake.

Halafu mchoko. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa kutoka Dar akihema robo ya pili, usimfute haraka.

Na kimo chenyewe? Wa kidato cha pili anaweza kuongeza sentimita kumi au asiongeze hata moja. Wapo wanaokagua namba ya kiatu, wapo wanaomtazama mama na wajomba. Nami hutazama, na bado nabahatisha.

Kwa hiyo klipu ijayo iwe robo ya nne nzima, bila kukata. Simu isimame usawa wa mstari wa kati, wachezaji wote kumi waonekane. Na hiyo singeli iondoeni, nataka kusikia anawaelekeza wenzake nini.