Kabla ya kusaga jino kwa sababu ya taya linalouma

Mgonjwa akija na maumivu mbele ya sikio, penye kiungo cha taya, na meno yake yamepishana, matabibu wengi wa meno tunayalaumu meno palepale. Dhana hiyo ni kongwe: mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa Marekani, alihusisha maumivu ya namna hii na kupotea kwa magego. Tafiti zilizofuata zimeonyesha uhusiano dhaifu. Wapo wengi wenye meno yaliyopinda na viungo vizima, na wengi wenye meno yaliyonyooka wanaoteseka.

Kwa hiyo naomba tuanze na kiungo na misuli. Pima kwa rula, kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi la chini: mtu mzima kwa kawaida hufungua milimita 40 au zaidi. Kisha bonyeza msuli wa shavu na wa panjani (kati ya jicho na sikio) kwa nguvu ya kama kilo 1, na kiungo chenyewe kwa nusu kilo. Zoeza kidole chako kwenye mzani wa jikoni, maana wengi tunabonyeza kupita kiasi na kila mtu anaumia. Uliza: "Haya ndiyo maumivu unayoyasikia nyumbani?" Akisema siyo, hujayapata bado.

Taya linalolia (linalotoa mlio likifunguka) bila maumivu na linafunguka vizuri, liache. Lililokuwa likilia, likanyamaza ghafla na sasa halifiki milimita 35, huenda gegedu lake, kisahani laini kilicho ndani ya kiungo, limekwama mbele. Usilifungue kwa nguvu. Kukiwa na homa na uvimbe, tafuta usaha kwanza.

Tunapokosea zaidi ni kugeuza chanzo na matokeo. Mtu mzima ambaye meno yake ya mbele yameacha kukutana hivi karibuni, huenda kichwa cha taya kinalika kwa baridi yabisi. Aliyeanguka na bodaboda, na kidevu kinakwenda upande mmoja anapofungua, anahitaji eksirei. Hapo kusaga magego, yaani kuyapunguza ili meno yakutane, ni kuharibu meno mazima, na enameli (tabaka gumu la nje la jino) hairudi.

Anza na yanayoweza kusitishwa. Kwa wiki mbili au tatu aache matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), muwa na mahindi ya kuchoma. Hapa Tabora ukisema tu "vyakula vigumu" atafikiria nyama. Kitambaa cha moto dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, kwa siku chache, kama hana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito. Mfundishe kuachanisha meno anapokuwa hatafuni. Akisaga meno usingizini, mtengenezee kifaa cha akriliki (plastiki) ngumu kinachofunika meno yote ya taya moja. Kikifunika ya mbele tu na kuvaliwa muda wote, magego huendelea kuota na mpishano mpya unazaliwa.

Waya za kunyoosha meno zina kazi yake. Akizitaka, maumivu yatulie kwanza, na asiahidiwe kwamba zitanyamazisha taya.