Mvuvi wa Shimoni na kura ya Turkana

Kila mswada wa uvuvi unapofika bungeni, simu yangu hujaa jumbe za wavuvi wa Pwani: "Mbunge wetu tumeshamwandikia, tufanye nini tena?" Kazi yangu ni kusoma miswada pamoja na kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, na jibu langu halibadiliki: sasa watafuteni marafiki zenu wa bara.

Tupige hesabu. Kaunti sita za Pwani zina maeneobunge 26 kati ya 290. Ongeza wawakilishi wa kike sita, unapata 32. Hata wote wakisimama kidete, hawawezi peke yao kuangusha mswada ambao wenzao wengi wanautaka.

Kwenye Seneti kuna mlango ambao wengi hawauoni. Jambo likihusu kaunti, kifungu cha 123 cha Katiba kinaipa kila kaunti kura moja, na halipiti bila kura 24 kati ya 47. Lamu yenye maeneobunge mawili inalingana na Nairobi yenye 17. Basi shemeji yako aliyehamia Marsabit anaweza kuomba kura ya seneta wa huko, ambayo wewe huipati hata ukimpigia seneta wako mara kumi.

Lakini amwandikie mwakilishi wake mwenyewe, si wako. Mbunge husikiliza anayeweza kumnyima kura.

Hapo niliwahi kukosea vibaya. Nilitunga ujumbe mmoja, nikautuma kwa marafiki wa kaunti tisa waunakili tu. Baadaye msaidizi wa mbunge mmoja akanieleza kuwa walipoona jumbe zimefanana neno kwa neno, waliacha kuzisoma. Iliniuma, maana watu wale walikuwa wamejitolea kwa ajili yetu.

Siku hizi natuma vitu vitatu tu: jina la mswada, namba ya kifungu, na swali, "Kwenu huko kitawagusaje?" Anayeanika omena kisiwani Rusinga, Ziwa Victoria, hana shida ile ile ya mvuvi wa pweza wa Shimoni, huku Pwani, na ndivyo inavyofaa. Rafiki yangu wa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, aliandika hivi:

"Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wako wa Kalokol. Mimi na ndugu yangu tuna mashua moja ya mbao. Ada hii ya leseni ikipita, tutaiegesha. Wewe utapiga kura gani?"

Sentensi nne. Ametaja anakopigia kura, amesema kitakachompata, na amemaliza kwa swali linalodai jibu.

Wakati nao una thamani yake. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, na kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimu Bunge kushirikisha umma. Tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini, na maoni hupelekwa kwa Karani wa Bunge. Siku zinazotolewa ni chache mno, kwa hiyo nawasihi: siku mnayoliona tangazo ndiyo siku ya kupiga simu Kisumu, Busia na Lodwar. Msingoje mjadala wa kusomwa mara ya pili, kwani wabunge wengi huwa wameshaelewana na vyama vyao.

Yule wa Kalokol alipigiwa simu na ofisi ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge lake, baada ya siku mbili. Waliuliza jambo moja tu: ni kifungu namba ngapi? Alikuwa nayo, akawasomea.