Usaili wa kazi ya mauzo: wanachokupima kabla hujauza chochote

Nimesaili vijana wengi wanaoomba kazi yao ya kwanza ya mauzo katika makampuni makubwa, na wengi walioanguka hawakukosa maneno. Waliingia na maneno mengi mno. Walikuwa wamekariri mwaka kampuni ilipoanzishwa, jina la mkurugenzi mkuu, hata kaulimbiu. Nilipowauliza, "Nani hasa hununua bidhaa zetu, na kwa nini asiende kwa mshindani?" walinyamaza.

Kwa hiyo anza maandalizi yako kwa mteja wa kampuni hiyo. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa hutoa ripoti ya mwaka, na kwa kawaida unaipata bure kwenye tovuti yake. Si lazima uisome yote. Tafuta sehemu inayogawa mapato kwa aina ya bidhaa au kwa eneo, kisha ile inayoeleza hatari zinazoikabili biashara. Ya kwanza itakuonyesha fedha zinatoka wapi, ya pili itakuonyesha viongozi wanahofia nini. Halafu soma maoni ya wateja mtandaoni, na mimi huwaambia vijana waanze na yale ya nyota 3. Aliyetoa nyota 1 mara nyingi ana hasira, aliyetoa 5 anasifu tu. Huyu wa katikati ndiye hueleza kilichomfaa na kilichomkwaza.

Rudi pia kwenye tangazo la kazi uangalie vitenzi vyake. Kutafuta wateja wapya ni kazi moja, kuhudumia waliopo ni nyingine kabisa. Anayetafuta wapya atapiga simu kwa watu wasiomjua na kuambiwa "hapana" mara nyingi kwa siku. Anayehudumia waliopo atapimwa kwa wateja wangapi wamebaki na wangapi wameongeza oda. Ukijiuza kwa sifa za kazi isiyokuwapo, umejiangusha mwenyewe.

"Lakini sijawahi kuuza kitu." Nasikia hili kila mara, na karibu kila mara si kweli. Umewahi kukusanya michango ya chama cha wanafunzi? Umewahi kuwashawishi watu wajiunge na timu, au kuhudumu dukani wakati wa likizo? Hayo ni mauzo. Kinachokosekana ni namba. "Nilikusanya michango" haisemi kitu. "Niliwafuata watu 40, 25 wakakataa, nikawarudia 10 kati yao baada ya wiki moja na 4 wakachangia" inaniambia kwamba unahesabu, unavumilia na unafuatilia. Simulia kwa mpangilio rahisi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini wewe mwenyewe, matokeo yakawa nini. Andaa visa vitatu vya namna hiyo, na kimojawapo kiwe cha kushindwa. Usitie chumvi. Msaili mzoefu ataibana namba yako kwa maswali mawili matatu, na ikiyumba hata yale ya kweli hayataaminiwa tena.

Makampuni makubwa huwa na hatua kadhaa. Afisa wa rasilimali watu ataanza kwa simu, akihakiki wasifu wako na mshahara unaoutarajia. Meneja wa mauzo ana swali moja moyoni: je, nitalazimika kumsukuma huyu kila asubuhi?

Kisha kuna zoezi la kuigiza mauzo, ambalo watu huliogopa kuliko yote. Unaweza kupewa kalamu uiuze, au bidhaa ya kampuni yenyewe, msaili akijifanya mteja. Kosa ninaloliona zaidi ni kuanza kutaja sifa za bidhaa papo hapo. Huwezi kumuuzia mtu usiyejua ana shida gani. Uliza kwanza: anatumia nini sasa, anakitumia wakati gani, kinamkwamisha wapi. Nyamaza asikike. Akisema, "Tayari tuna msambazaji," usimponde msambazaji huyo, maana mteja ndiye aliyemchagua. Muulize anaridhika naye katika lipi, na angependa lipi liwe tofauti. Jibu lake ndilo litakuonyesha pa kuingilia. Na usimalizie bila kupendekeza hatua inayofuata, hata kama ni kukutana tu tena Alhamisi. Kwangu mimi, aliyeuliza maswali manne mazuri na asiuze anamshinda aliyehutubia dakika tano.

Kuhusu malipo, uliza bila haya katika hatua za mwisho: mshahara wa msingi ni kiasi gani, kamisheni huanza kuhesabiwa wapi, na ni wangapi katika timu waliofikia tageti, yaani lengo la mauzo walilopangiwa, mwaka uliopita. Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko kiwango cha kamisheni, kwa sababu kamisheni ya asilimia kubwa kwa tageti isiyofikiwa na mtu ni sawa na sifuri.

Kabla hujaondoka, uliza kama kuna jambo lolote kuhusu wewe linalowatia shaka. Linahitaji ujasiri, lakini ndilo utakalokuwa unawauliza wateja, na linakupa nafasi ya kujibu ukiwa bado kitini. Siku hiyohiyo tuma barua pepe fupi ya shukrani yenye jambo moja mahususi mlilozungumza. Kama kuna swali lililokushinda, tafuta jibu lake uliweke humo.