Kutoka gereza la Maweni si kufutiwa hatia

"Keshatoka jela, kesi imekwisha." Ndivyo wasemavyo barazani Ngamiani, Tanga, na kauli hiyo imewaponza wengi. Kilichokwisha ni adhabu. Hatia inabaki kwenye kumbukumbu mpaka mahakama ya juu iitengue, na aliyetumikia kifungo hadi siku ya mwisho bado anaweza kukata rufaa. Kinachomkwaza ni muda.

Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, iwe Tanga mjini, Muheza, Korogwe au Lushoto, rufaa yake huenda Mahakama Kuu, Masijala ya Tanga. Taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, petisheni, yaani hati yenye sababu za rufaa, ndani ya siku 45, na siku za kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi. Kesi iliyoanzia mahakama ya mwanzo huenda kwanza mahakama ya wilaya, ndani ya siku 30.

"Muda ukipita, basi tena." Sivyo. Unaomba kuongezewa muda kwa maombi yenye hati ya kiapo, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. "Sikujua sheria" haipokelewi. "Nilikuwa gerezani" peke yake nayo haitoshi, kwa sababu wafungwa hukata rufaa kila siku kupitia kwa mkuu wa gereza. Mahakama inataka kila siku ya kuchelewa ielezwe. Kwa hiyo kusanya barua za kuomba nakala zenye mhuri wa kupokelewa, na vyeti vya hospitali kama uliugua. Ukidai ofisa wa magereza alikaa na karatasi zako, tafuta kiapo chake mwenyewe. Neno lako juu yake halina uzito. Tangu siku ulipovuka geti hakuna anayekupelekea karatasi tena, kwa hiyo miezi uliyokaa nyumbani kimya itaulizwa kuliko miaka ya gerezani. Anza na namba ya shauri, mwaka na jina la mahakama, omba nakala kwa maandishi, ubaki na kopi iliyogongwa mhuri. Hukumu nyingi za zamani ziko kwa Kiingereza. Tafuta mjuzi akusomee kabla hujaandika sababu hata moja.

"Msamaha wa Rais umenisafisha." Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe au kupunguza adhabu, lakini msamaha hausemi kwamba hakimu alikosea. Ile misamaha ya Aprili 26 na Desemba 9 kwa kawaida hugusa kifungo tu. Wanamuziki Nguza Viking (Babu Seya) na mwanawe Johnson walitoka kwa msamaha Desemba 9, 2017. Shauri lao katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, halikufa kwa hilo, hukumu ikatolewa Machi 2018.

"Ukikiri kosa huna rufaa." Kwa kawaida unayo dhidi ya adhabu tu, ila kukiri kwenye utata, kulikotokana na kutoelewa, au kwa shtaka lisilotaja kosa kisheria, kunaweza kupingwa.

"Rufaa haina hasara." Ina. Mahakama Kuu inaweza kuongeza adhabu, au kuamuru kesi isikilizwe upya pale ambapo usikilizaji wa kwanza ulikuwa na kasoro za kisheria. Haipaswi kuamuru hivyo ili upande wa mashtaka uzibe matundu ya ushahidi wake.

"Nikishinda Serikali itanilipa." Haiji yenyewe. Lazima ufungue madai ya kushtakiwa kwa hila, uthibitishe chuki na kukosekana kwa sababu ya msingi ya kukushtaki, ndani ya miaka 3. Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90. Kushinda rufaa tu hakuthibitishi hila.

"Ikishindikana Mahakama ya Rufani, nakwenda Arusha." Mahakama ya Rufani inaweza kuombwa ipitie upya hukumu yake ndani ya siku 60, mara moja tu, kwa sababu finyu kama vile kutosikilizwa au kosa la wazi kwenye kumbukumbu. Kwenye Mahakama ya Afrika ya Arusha, tangu Novemba 2020, mtu binafsi hawezi kufungua shauri jipya moja kwa moja dhidi ya Tanzania.