VPN inakatika kila baada ya saa moja? Cheki pale inapobadilisha funguo

Kabla hujaanza kulaumu intaneti, andika muda VPN (ile njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa mbali kupitia intaneti) inapokatika. Ikiwa ni ovyo ovyo, mara dakika tano mara masaa mawili, hiyo kweli inaweza kuwa laini au waifai. Ila ukikuta inakatika kwa mpangilio, saa moja moja, au kila masaa manne, basi mara nyingi shida iko pale pande mbili (klaenti, yaani programu ya VPN kwenye kifaa chako, na seva) zinapobadilisha funguo za usimbaji, zile zinazoficha data isisomeke na wengine, na sisi tunaoshughulika na mitandao tunaliona hili sana.

Funguo hazikai milele, zinabadilishwa ili mtu akipata moja asiweze kusoma kila kitu, na zoezi lenyewe linatakiwa lipite kimya kimya bila wewe kujua, kwa sababu funguo ya zamani inaendelea kufanya kazi mpaka mpya iwe tayari. Kwa hiyo ikikatika maana yake mara nyingi kuna kitu pande hizo mbili hazijakubaliana. Namna ya kurekebisha inategemea aina ya VPN mnayotumia.

Kwenye OpenVPN muda wa kawaida wa kubadilisha funguo ni sekunde 3600, yaani saa moja (setingi inaitwa reneg-sec), kila upande unahesabu wake na mwenye muda mfupi ndo anaanza. Sasa kama mnaingia kwa paswodi pamoja na ile kodi (namba ya siri) ya kwenye simu inayotumika mara moja, saa moja ikifika klaenti inatuma tena kodi ileile ya mwanzo ambayo imeshakufa, seva inakataa, mtu anatupwa nje katikati ya kazi. Dawa ni kuwasha auth-gen-token upande wa seva, ipo tangu toleo 2.4, klaenti inapewa tokeni (kibali cha muda) ya kutumia badala ya kodi.

IPsec, aina nyingine ya VPN, ndo inayosumbua watu zaidi, hasa ikitumia IKEv2 (utaratibu wake wa kukubaliana funguo). Pale mwanzo mnapounganika, funguo za data zinatokana na makubaliano yaliyokwishafanyika, hakuna mabadilishano mapya ya Diffie-Hellman (hesabu ya kutengeneza funguo ya pamoja), kwa hiyo upande mmoja ukiwa umeweka PFS (setingi ya kurudia hesabu hiyo kila funguo zinapobadilishwa) grupu 14 na mwingine grupu 19 itaunganika vizuri tu na kila mtu atasema konfigi iko sawa!! Kosa linajitokeza pale funguo zinapobadilishwa kwa mara ya kwanza, logi (kumbukumbu za mfumo) inaandika NO_PROPOSAL_CHOSEN, yaani hakuna pendekezo lililokubalika. Wekeni grupu moja pande zote. Na msikae kusubiri saa nzima kujua kama imepona, punguzeni muda wa kubadilisha funguo uwe dakika chache wakati hakuna watumiaji, angalieni logi za pande zote mbili, ikipita mara kadhaa rudisheni.

Kingine ni NAT, yaani rauta kuweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Laini ikikaa kimya rauta inasahau njia, seva ikitaka kuanzisha funguo mpya ujumbe wake haufiki kwa klaenti. Hakikisha keepalive (ujumbe mdogo unaotumwa mara kwa mara ili njia isisahaulike) imewashwa na fayawoli inaruhusu milango ya UDP 500 na 4500 inayotumiwa na IPsec, na ni vizuri muda wa klaenti wa kubadilisha funguo uwe mfupi kidogo ili yeye ndo awe anaanza, hapo pia mnapunguza uwezekano wa wote wawili kuanza kwa pamoja wakagongana.

WireGuard, aina ya tatu ya VPN, yenyewe inabadilisha funguo kila baada ya dakika 2 hivi data ikiwa inapita na haina setingi ya muda huo, kwa hiyo huko angalia NAT kwanza, PersistentKeepalive ya sekunde 25 inasaidia.

Tafadhali sana msizime ubadilishaji wa funguo kwa kuweka muda wake sifuri, najua ushauri huo unazunguka sana. Kwanza kwenye OpenVPN ukiweka upande mmoja tu haisaidii, ule mwingine utaanza tu. Pili unabaki na funguo moja siku nzima.

Na kama inakatika unaposhusha mafaili makubwa bila kujali saa, cheki kama bado mnatumia Blowfish au 3DES, njia za zamani za usimbaji. Baada ya SWEET32, shambulio dhidi ya njia hizo, kutangazwa 2016, OpenVPN iliweka kikomo cha MB 64 za data kwa kila funguo kwenye njia za aina hiyo, kwa hiyo funguo zinabadilishwa mara nyingi mno. Hameni tu kwenda AES-GCM, njia mpya zaidi ya usimbaji.