Kuku kunyonywa damu usiku: hakuna jini hapo

Ile meseji ya kuku kukutwa wamelala bandani asubuhi, hawajaliwa, shingoni vitundu viwili tu na damu hamna, eti kuna jini au mnyama wa kutumwa anayenyonya damu, imezunguka tena kwenye magrupu. Kuku kufa hivyo ni kweli kabisa, kinachokosewa ni kilichowaua.

Mara nyingi ni kanu au kicheche, wanyama wadogo wala nyama, wote wanatembea usiku. Wanauma shingo au kichwa, na mnyama akishaingia ndani ya banda, kuku wanapiga kelele na kurukaruka bila pa kukimbilia, basi anaendelea kuua tu hata shibe yake imeshapita, ndo maana unakuta wengi wamekufa na aliyeliwa ni mmoja au hata hakuna. Na damu? Moyo ukisimama haisukumwi tena, inabaki ndani inaganda.

Hutaki kuamini, mnyonyoe mmoja shingo uone alama za meno na ngozi iliyovilia damu, halafu mpasue, utakuta mabonge ya damu humo humo. Usiku mwaga jivu laini kuzunguka banda, asubuhi soma nyayo.

Jamani tusiforwadi hizo meseji, bibi wa watu anaishi peke yake huko jirani na ndo wa kwanza kunyooshewa kidole. Ziba matundu kwanza, hawa wanyama ni wembamba, kichwa kikipita na mwili unapita.